Mwewe ni Nani? Uhakiki wa Fasili za Ndege Wawindaji katika Kamusi za Kiswahili

1. Utangulizi

Katika mtaa mmoja ulio pembezoni mwa jiji la Nairobi, jirani yangu mfuga kuku alipoteza vifaranga saba katika muda wa juma moja. Alipouliza mwizi ni nani, jibu alilopewa na wakubwa kwa wadogo lilikuwa moja tu: mwewe. Nyuma ya ua wake palikuwa na mkaratusi mrefu, na juu ya mkaratusi huo kiota kikubwa cha vijiti. Mwenye kiota alizoea kukaa asubuhi juu ya nguzo ya umeme iliyokuwa karibu: ndege mwenye mdomo uliopindika, mweusi mgongoni, mweupe kifuani, na mkia mfupi wenye rangi ya kutu. Jirani akamwajiri kijana apande mti. Kiota kikaangushwa, na makinda mawili yaliyokuwamo yakafa.

Vifaranga waliendelea kutoweka. Mwizi alikuwa ndege mwingine, naye pia ni mweusi mgongoni na mweupe kifuani, lakini mkia wake ni mrefu wenye mistari, na kiota chake kilikuwa ng'ambo ya bonde. Yule wa kwanza, ambaye kiota chake kiliangushwa, chakula chake kikubwa ni fuko na panya. Msimu uliofuata fuko waliharibu viazi vya jirani yangu kuliko miaka yote iliyotangulia.

Sikuona haki ya kumlaumu. Jioni ile nilifungua kamusi zilizomo katika maktaba yangu, moja baada ya nyingine, nikajiuliza: je, lau jirani angalikuja kwangu mapema, mimi niliye mwalimu wa lugha hii, ningaliweza kumwonyesha kwa maneno ya kamusi tofauti ya ndege hawa wawili? Jibu ni kwamba nisingaliweza. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa majina ya ndege wawindaji. Upungufu umo katika fasili. Aghalabu kamusi zetu humweleza ndege huyu kwa lile analotunyang'anya badala ya lile linaloonekana kwa macho, na kwa kufanya hivyo huyageuza majina mengi yenye maana mbalimbali yakawa shtaka moja.

2. Fasili zilivyo

Majina yenyewe yanajulikana: mwewe, kipanga, kozi, kengewa, shakivale, tai, tumbusi, kipungu, furukombe. Orodha hii si fupi. Mwanafunzi wa lugha atakayeiona kwa mara ya kwanza atadhani kwamba watu waliyoyaunda majina haya walikuwa na macho makali, naye hatakosea. Lakini akitaka kujua tofauti zao kutoka katika kamusi, atarudi mikono mitupu.

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Kamusi kubwa za mwanzo zilikuwa za lugha mbili: ya Krapf iliyotoka mwaka 1882, ya Sacleux na ya Johnson zilizotoka mwaka 1939. Watungaji hao hawakuwa na haja ya kumchora ndege kwa maneno. Ilitosha kulitaja jina la ndege wa Ulaya aliyedhaniwa kulingana naye, na msomaji wa Kiingereza au Kifaransa, aliyekwisha kuwa na picha ya ndege huyo kichwani, akaridhika. Jina la kigeni lilikuwa mkongojo. Kamusi za lugha moja, kuanzia ile ya Johnson ya mwaka 1935 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya mwaka 2015, hazikuwa na mkongojo huo. Kidahizo cha Kiswahili hakina budi kuelezwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo kazi ya kumtazama ndege ilipopaswa kuanza, nayo kwa sehemu kubwa haikuanza.

Mtu akizichunguza fasili za ndege wawindaji katika utungaji wa kamusi zetu kwa jumla, ataziona za namna tatu. Namna ya kwanza nitaiita fasili ya tumbo: ndege huelezwa kwa chakula chake, kwamba hula nyama, au hunyakua vifaranga. Namna ya pili ni fasili ya jamaa: ndege huelezwa kuwa ni wa jamii ya ndege mwingine, mathalani wa jamii ya tai. Namna ya tatu ni fasili ya mrejeo: neno moja hutupeleka kwenye neno jingine, na lile la pili huturudisha kwenye la kwanza, kama mgeni aulizaye njia akaambiwa arudi alikotoka.

Kila moja ya namna hizi ina kasoro yake. Fasili ya tumbo haibagui, kwa sababu karibu kila ndege mwindaji wa kadiri ya kunguru au zaidi atamchukua kifaranga akimpata peke yake. Fasili ya mrejeo haielezi kitu. Nayo fasili ya jamaa, ambayo ina sura ya kitaalamu kuliko nyingine, ndiyo hatari zaidi, kwa maana yaweza kuwa si kweli. Uchunguzi wa chembe za urithi uliofanywa tangu mwaka 2008 umeonyesha kwamba kozi na jamaa zake wana udugu wa karibu zaidi na kasuku kuliko walio nao na tai au mwewe. Ndege anayeitwa Accipiter tachiro katika vitabu vingi, mwindaji wa kawaida katika bustani za Nairobi zenye miti, amepewa jina jingine la jenasi, Aerospiza, katika orodha za hivi karibuni. Wanasayansi hubadilisha nasaba kila wapatapo ushahidi mpya, na hiyo ndiyo kazi yao. Lakini mkia wa ndege haubadiliki kwa sababu nasaba yake imebadilishwa. Kamusi inayojengwa juu ya mkia itadumu kuliko ile iliyojengwa juu ya nasaba.

3. Mhusika wa ngano

Yafaa tuulize ni kwa nini fasili ya tumbo imekita mizizi kiasi hiki. Nadhani jibu limo katika fasihi simulizi.

Ngano ya kuku na mwewe yasimuliwa na jamii nyingi za Kenya, kwa tofauti ndogo ndogo. Hapo kale walikuwa marafiki. Kuku aliazima kitu kwa mwewe, sindano kwa wasimulizi wengine, wembe kwa wengine, akakipoteza. Tangu siku hiyo kuku hupekua ardhi akikitafuta, na mwewe huchukua watoto wake kwa kulipiza deni. Ni ngano nzuri. Yaeleza matendo mawili yanayoonekana kila siku uani, na yaeleza pia jambo la kina zaidi, yaani deni lisilolipika na kizazi kinacholipia kosa la kizazi kilichotangulia.

Sasa tumtazame mwewe wa ngano hii. Je, mkia wake ukoje? Mabawa yake je? Msimulizi hasemi, wala hatuna haki ya kumdai aseme. Katika ngano mwewe ni dhima, kama sungura alivyo werevu na fisi alivyo ulafi. Anayetimiza dhima ya kuchukua vifaranga, huyo ndiye mwewe, awe na mkia wa namna yoyote. Hapa jina halimtambulishi ndege, lamtambulisha mdai.

Kosa la mtungaji wa kamusi ni kumchukua mhusika huyu kutoka katika ngano na kumweka katika ukurasa kana kwamba ndiye ndege mwenyewe. Ngano haikukosea, kwa sababu haikudai kuwa kamusi. Kamusi imekosea, kwa sababu imesahau kuwa si ngano. Matokeo yake ni kwamba dhima imemeza umbo, na kila mwenye mdomo uliopindika apitaye juu ya ua amekwisha kuhukumiwa kabla ya kuonekana. Jirani yangu alipouliza mwizi ni nani, hakupewa jina la ndege. Alipewa jina la kosa, naye akamtafuta wa kulibeba.

4. Mtihani wa dirishani

Ningependa kupendekeza kipimo rahisi cha fasili ya ndege. Mtu asimame dirishani, katika nyumba ya mjini au ofisini, kamusi ikiwa mkononi. Ndege akipita, je, fasili yaweza kumsaidia kusema huyu ni fulani na si fulani? Ikiwa haiwezi, basi haijafasili kitu. Nairobi ni mahali pafaapo kwa mtihani huu, kwa kuwa ni jiji lenye misitu, bustani, majaa na majengo marefu, na kila pahali hapo pana mwindaji wake.

Ndege aonekanaye kuliko wote ni yule ambaye kwa haki ndiye anayestahili jina la mwewe. Ni wa rangi ya kahawia, mkubwa kuliko kunguru, na huelea juu ya masoko, majaa na viwanja vya shule. Wanafunzi wengi wa Nairobi wamekwisha kunyang'anywa mkate naye. Wapo wanaomtambua kwa mdomo wa manjano, lakini alama hiyo haitoshi, kwa kuwa makinda ya kwetu hayana manjano hayo, na wageni wa jamii yake wanaokuja kutoka Ulaya na Asia kati ya Oktoba na Machi wana mdomo mweusi. Alama ya hakika ni mkia. Mkia wa mwewe una panda, yaani umeingia ndani katikati, nao hupindwapindwa huku na huko anaporuka, mfano wa usukani wa mashua. Akiutandaza wote panda yaweza kupotea. Lakini hakuna mwingine katika anga la jiji anayeupinda mkia namna ile.

Wa pili ni kipanga, nami nalitumia jina hili kwa kundi zima la wawindaji wa mitini. Mabawa yao ni mafupi na yameviringika nchani, mkia ni mrefu wenye mistari, miguu mirefu myembamba. Maumbile haya yana kazi: bawa fupi hupita baina ya matawi, na mkia mrefu humwezesha ndege kukata kona kwa ghafula. Kipanga havizii akiwa anaelea angani. Hukaa kimya ndani ya majani, hutoka mara moja kama jiwe la teo, na kabla mtu hajageuka njiwa amekwisha kuchukuliwa. Yule wa kawaida katika bustani zetu husikika zaidi kuliko anavyoonekana: asubuhi huruka juu sana, akitoa mlio mfupi mkavu unaokatika na kurudiwa kila baada ya nukta chache. Mkubwa wa kundi hili ni kipanga mweusi, apendaye kujenga katika mikaratusi, mwenye nguvu za kutosha kumchukua njiwa mzima, na kuku mdogo pia. Huyo ndiye aliyekuwa mwizi wa jirani yangu.

Wa tatu ni yule aliyeadhibiwa, ambaye wako wanaomwita shakivale. Ana mabawa mapana na mkia mfupi. Mara nyingi ni mweusi juu na mweupe chini, ingawa wako pia walio weusi chini. Mkia wa mtu mzima wao ni mwekundu wa kutu. Hukaa juu ya nguzo na vilele vya miti mikavu akiangalia chini, maana riziki yake imo ardhini: fuko, panya, mijusi na nyoka. Msomaji ataona kwamba rangi peke yake isingalimwokoa. Yeye na kipanga mweusi wote ni weusi mgongoni, weupe kifuani, na wote hujenga katika mikaratusi. Kilichowatenganisha ni umbo: mkia mfupi na bawa pana kwa upande mmoja, mkia mrefu na bawa fupi kwa upande wa pili. Neno moja tu la kamusi kuhusu mkia lingalitosha.

Wa nne ni kozi. Mabawa yake ni marefu, membamba, yenye ncha kali. Macho yake ni meusi, na chini ya jicho pana alama nyeusi mfano wa chozi lililochuruzika. Huyu ni ndege wa majabali, na kwake jengo refu la mjini ni jabali jingine. Hajijengei kiota cha vijiti. Aina iliyo mashuhuri kuliko zote hukamata ndege wengine angani kwa kuwashukia kutoka juu kwa kasi ipitayo kilomita 300 kwa saa. Wako pia jamaa zake wadogo ambao huonekana juu ya nyasi wakipapatika pale pale bila kusonga mbele, macho yakiwa chini. Hapa pana mtego kwa mtazamaji, kwani yuko ndege mwingine, mweupe kwa kijivu, mwenye mabega meusi na macho mekundu, apapatikaye vivyo hivyo pembezoni mwa jiji, naye si kozi. Bawa la kozi lina ncha na mkia wake ni mrefu. Mkia wa huyu mweupe ni mfupi.

Nimewaeleza wanne tu, tena kwa ufupi, na sikutumia neno hata moja lisilojulikana na msomaji wa kawaida. Mkia, bawa, ncha, panda, mstari, nguzo: haya yote ni maneno ya kila siku. Basi hakuna udhuru wa kusema kwamba lugha haina istilahi.

5. Upana wa jina si kosa

Nisije nikaeleweka vibaya, kana kwamba nataka kila jina libanwe kwa ndege mmoja. Mfano wa tai utaonyesha hatari ya kufanya hivyo.

Katika Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, neno tai latumika katika kitabu cha Isaya, mlango wa 40, kwa ndege apaaye juu kwa mabawa yenye nguvu. Neno hilo hilo latumika katika Mika, mlango wa 1, ambapo watu waambiwa waongeze upara wao uwe kama wa tai, na katika Mathayo, mlango wa 24, ambapo tai wakusanyika penye mzoga. Msomaji aliyefundishwa kwamba tai ni yule ndege wa fahari aliyechorwa katika nembo za mataifa atashangaa: tai wa namna hiyo ana manyoya kichwani, na si desturi yake kukusanyika makundi makundi juu ya mizoga. Mwenye upara na makundi ni tumbusi.

Je, wafasiri walikosea? La. Neno la Kiebrania lililo katika Isaya na Mika, kwa maoni ya wataalamu wengi, lilimhusu tumbusi mkubwa pia, na neno la Kiswahili tai nalo lina upana unaolingana nalo: katika vinywa vya wasemaji wengi laweza kumtaja huyu na yule. Wafasiri walipata neno lililotosha. Anayepotosha ni mtungaji wa kamusi akifasili tai kwa maana moja tu, kwa sababu humfanya msomaji wa Mika adhani kwamba nabii hakujua ndege. Upana wa jina si kosa. Kosa ni kutoutaja. Fasili njema ya tai haina budi kusema kwamba kwa maana finyu ni huyu, kwa maana pana ni huyu na yule, na kueleza wanavyotofautiana.

6. Mtafsiri na silaha zake

Tamthilia ya Macbeth yatupa mfano mwingine. Katika tamthilia hiyo Shakespeare aliwatumia ndege wawindaji kwa uangalifu mkubwa. Baada ya mfalme kuuawa, mzee mmoja asimulia jinsi kozi aliyekuwa akipaa kwa fahari alivyouawa na bundi mla panya. Maana ya ishara hii yategemea tofauti za ndege: mwindaji wa angani, wa mchana, ameshindwa na mwindaji wa chini, wa usiku, na kwa hiyo taratibu za ulimwengu zimepinduka. Mfasiri akiandika tu kwamba ndege mla nyama aliuawa na ndege mla nyama, ishara imekufa. Baadaye Macduff apewa habari kwamba mkewe na watoto wake wote wameuawa, naye amwita muuaji mwewe wa jehanamu aliyewanyakua vifaranga na mama yao kwa mpigo mmoja. Hapa Shakespeare na msimulizi wetu wa ngano wakutana uani, pasipo kujuana.

Tamthilia hii ilitafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1968. Sikusudii hapa kuihakiki tafsiri yake. Nakusudia kuuliza alikuwa na silaha gani. Mwaka ule Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilikuwa haijatoka. Alitegemea masikio yake na kamusi za Johnson. Mtafsiri wa leo ana kamusi nyingi zaidi, lakini akitaka kujua kwa Kiswahili kozi ni nani hasa, na kwa nini kufa kwake mbele ya bundi ni kioja, hatakuwa ametajirika sana.

Yapo pia mafunzo katika historia ya ndege huyo wa Macduff. Mwewe wa zama za Shakespeare, mwekundu kidogo kuliko wa kwetu lakini mwenye mkia wa panda vilevile, alikuwa ndege wa kawaida katika mitaa ya London, akiokota uchafu kama afanyavyo mwenzake Nairobi leo. Aliitwa mwizi wa kuku, akapigwa vita kwa karne kadhaa, na kufikia mwisho wa karne ya 19 alikuwa amekwisha kutoweka katika England yote, akabaki Wales peke yake. Juhudi za kumrudisha zilianza mwaka 1989. Nilipokuwa masomoni huko niliwasikia watu wa kawaida, wasio wataalamu, wakibishana juu ya mkia wa ndege aliyepita juu ya bustani. Walikuwa wamejifunza kutazama, kwa sababu vitabu vyao viliwaambia watazame nini. Lakini walijifunza baada ya kumpoteza.

7. Pingamizi

Mwenzangu mmoja wa idara, niliyemsomea sehemu ya makala haya, alinipinga kwa hoja mbili nzito.

Hoja ya kwanza ni kwamba uainishaji wa wasemaji si uainishaji wa wanasayansi, wala haupaswi kuwa. Kwa mfuga kuku, kundi la wanaonyakua vifaranga ni kundi la kweli. Laongoza vitendo vyake. Mwanaisimu hana mamlaka ya kumwambia kwamba neno lake ni kosa. Nakubaliana naye kabisa, nami ndiyo sababu sipendekezi neno lifutwe wala libanwe. Lakini hoja hii yaidai kamusi iandike maana zote mbili, si moja. Tena tusisahau kwamba wasemaji wenyewe ndio walioyaunda majina mengi tuliyonayo. Mtu hatoi majina tofauti kwa vitu asivyovitofautisha. Uainishaji wa wasemaji ulikuwa na mbawa na mikia ndani yake. Ni kamusi zilizoinyofoa.

Hoja ya pili ni kwamba majina haya hutofautiana pahali hata pahali, na aitwaye kipanga katika mji mmoja huenda akawa na jina jingine katika mji wa pili. Je, nani ataamua? Swali hili ni la haki, na kwa kweli majina niliyoyatumia katika sehemu ya nne ni mapendekezo ya mtu mmoja. Hata hivyo, utofauti wa mahali ni sababu ya kufanya utafiti, si sababu ya kuuepuka. Mtafiti aende Lamu, Mombasa, Vanga na Unguja, na bara pia, akiwa na picha na sauti zilizonaswa, aulize wavuvi, wafugaji na watoto wachunga mbuzi, na aandike jina pamoja na mahali alipolipata. Kazi hiyo yahitaji watu wawili wafanye pamoja, mmoja wa lugha na mmoja wa viumbe. Katika vyuo vyetu idara hizi mbili hutenganishwa na ua mmoja, na ni mara chache mtu kuuvuka.

8. Hitimisho

Ni desturi ya makala kama haya kumalizika kwa mapendekezo. Langu ni moja, nami nitalionyesha kwa mfano badala ya kulieleza. Hivi ndivyo nionavyo kidahizo kimoja kingeweza kuandikwa:

mwewe: 1. ndege mwindaji wa rangi ya kahawia, mkubwa kuliko kunguru, mwenye mkia wa panda anaoupindapinda arukapo. Huelea juu ya miji, masoko na majaa, akiokota mizoga na mabaki na kunyakua vifaranga. 2. katika ngano na mazungumzo: ndege yeyote anyakuaye vifaranga. Linganisha: kipanga, mwenye bawa fupi na mkia mrefu wenye mistari, kozi, mwenye bawa refu la ncha, shakivale, mwenye bawa pana na mkia mfupi.

Kidahizo hiki ni kirefu kidogo, na mchapishaji atalalamika. Lakini gharama ya ufupi imekwisha kulipwa na wengine. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliolinganisha hesabu za ndege wawindaji waliohesabiwa kando ya barabara za Kenya katika muda wa miaka 40 hivi. Kati ya aina 22 zilizochunguzwa, aina 19 zilikuwa zimepungua, na shakivale wa jirani yangu ni mmoja wa hao. Mwaka 2015, aina nne za tumbusi wa Afrika ziliingizwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na sumu inayotiwa katika mizoga ikiwa miongoni mwa sababu kubwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 kuhusu wanyamapori yawalinda viumbe kwa majedwali ya majina. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Siku majedwali yale yatakapoandikwa kwa Kiswahili, mwandishi atafungua kamusi zetu kutafuta majina, na hakimu atazifungua baada yake kutafuta maana.

Kiota cha mkaratusi ule hakijajengwa upya. Jirani yangu amewawekea vifaranga wavu, jambo ambalo lingalifaa tangu mwanzo, na kila asubuhi huangalia nguzo ya umeme. Juzi aliniita kwa sauti kutoka ng'ambo ya ua, akanionyesha ndege aliyekuwa akizunguka juu ya bonde. "Mwalimu," akasema, "huyo mkia wake una panda. Huyo sasa ndiye mwewe." Alikuwa sahihi. Hakuyapata hayo katika kamusi.